Mdudu Aliyekaribia Kupewa Jina la Mama

Mimi ni msusi, na msusi asiyejua kusifu bora afunge saluni akatafute kazi nyingine. Nusu ya kazi yangu iko vidoleni, nusu iko mdomoni. Mteja akiinuka kitini namwambia amerudi usichana, na hata kama nywele zimemvuta mpaka macho hayafumbi sawasawa, anaondoka anatabasamu, na wiki ijayo anamleta dada yake. Sioni ubaya wowote hapo. Watu wana shida zao, na neno zuri halimpunguzii mtu kitu.

Basi mtu kama mimi nikaolewa na mtu ambaye uongo haujui hata wa kuombea maji. Mtaa mzima humwita Chekeche, kwa sababu ya chekeche la waya analotembea nalo kwapani. Jirani yetu alipojifungua, wanawake tulijaa chumbani tukimmiminia mtoto sifa, mara macho ya mama, mara pua ya baba. Chekeche akaingia, akainama juu ya kitanda, akatazama kwa makini, akasema, "Kichwa kimelalia kushoto kidogo, lakini kitarudi." Ni kweli kilirudi, lakini mama wa mtoto hajarudi saluni kwangu mpaka leo. Hata mimi mwenyewe, nikijisukisha vizuri nikasimama mbele yake nikajigeuza huku na huku, huniambia, "Mstari wa tatu umepinda." Wala hana roho mbaya. Anaona kitu kilivyo, anasema kilivyo, kisha anaomba chai.

Sijui kama kazi ndiyo iliyomharibu au kazi ilimkuta ameshaharibika. Yeye yuko makumbusho, ghorofa ya chini kabisa, kwenye chumba cha wadudu chenye droo kuanzia sakafuni hadi darini na harufu ya vile vidonge vya kufukuzia nondo. Kazi yake ni kutambua. Mdudu akiletwa hapo, yeye humweka chini ya hadubini na kusema ni nani, wa ukoo gani, na kama alishapewa jina. Ungedhani basi angalau atajishughulisha na vipepeo, kitu mtu unachoweza kumwonyesha mgeni. Hapana. Yeye amejichagulia mbawakawa wadogo wa kahawia wanaoishi chini ya majani yanayooza na kula ukungu. Ukimweka mmoja juu ya mbegu ya ufuta, ufuta unabaki na nafasi. Ukimgusa anajikunja na kuwa kidonge. Ukiniuliza mimi, wote ni mdudu yuleyule aliyesambaa, lakini Chekeche anasema wako wa aina nyingi mno, na kwamba hutofautishwa kwa vipapasio vyao vya kichwani, na pia kwa kitu kingine ambacho nitakitaja mbele kidogo, mama yangu akishatoka mezani.

Mama yangu alihamia kwetu magoti yalipoanza kumsumbua. Magoti hayo yalimsumbua kwenye ngazi, yalimsumbua bafuni, yalimsumbua kwenye kila kazi isipokuwa kufagia. Kwenye kufagia yalipona. Nyuma ya nyumba tuna mparachichi mkubwa unaomwaga majani mwaka mzima, na mama hakuvumilia kuona jani limelala chini. Asubuhi hajanawa uso, ufagio uko mkononi. Anakusanya, anarundika nyuma ya jiko, anawasha moto. Na Chekeche alikuwa ameyalea majani hayo kwa miaka, yalale, yaloe, yaote ukungu, wadudu wake waje. Ilikuwa kama amekaribisha mgeni anayemchomea duka.

Lakini mkwe hagombani na mama mkwe. Kwa hiyo waligombana kupitia kwangu.

"Mwambie mumeo majani yanaleta nyoka," mama ananiambia jikoni.

"Mwambie mama nyoka hali ukungu," Chekeche ananijibu chumbani.

Nikawa posta. Barua zote nilizipeleka, ila njiani nilizipaka sukari kidogo, na ndiyo maana nyumba haikuungua.

Jumapili moja Chekeche aliliwahi rundo la mama kabla halijawashwa. Akalichekecha, yale matakataka laini akayatia kwenye mfuko, kisha akakwama. Njia yao watu wa wadudu ni hii: majani huwekwa juu ya wavu, wavu juu ya faneli, na juu kabisa huwashwa taa. Joto linashuka, wadudu wanalikimbia kwenda chini, mwisho wanadondokea kwenye kikombe cha spiriti. Kazini wana taa za kazi hiyo. Nyumbani taa ilikuwa imeungua. Bwana mkubwa akachukua funguo za saluni yangu, akaenda kuyatundika majani yake chini ya draya yangu, ile ya kukalia yenye kofia kubwa, akaiwasha. Jumatatu mteja wangu wa kwanza alitoka chini ya draya hiyo na kipande cha jani la parachichi nyweleni. Nikamwambia ni tiba mpya ya ngozi ya kichwa, na akaniomba nimwongezee.

Katika wale waliodondoka kulikuwa na mbawakawa mmoja aliyemvutia. Mdudu mdogo hivyo hachomwi pini, angepasuka. Hugandishwa kwa gundi kwenye ncha ya kipande cha karatasi ngumu, kisha pini huchomwa kwenye karatasi. Gundi yake ilikuwa kazini, kwa hiyo akatumia ya kwangu, ile ya kubandikia wigi. Aliichukua bila kuniuliza.

Siku chache baadaye alirudi kutoka kazini akakaa mezani bila kuvua viatu. Tulikuwa tunakula, mama na mimi.

"Yule mmoja," akasema, "kipapasio chake kina kasoro. Jamaa hawa vipapasio vyao vina pingili kumi na moja. Za mwisho zimenenepa, ila ya nane ni nyembamba, imebanwa kati ya ya saba na ya tisa. Wote wako hivyo. Huyu ya nane imenenepa kama jirani zake."

"Maskini," mama akasema, akidhani ni ugonjwa.

"Huenda ni mpya, mama. Huenda hajawahi kupewa jina."

Mama akaweka kijiko chini. "Na anayempa jina ni nani?"

"Anayemweleza wa kwanza. Ikithibitika, ni mimi." Kisha mume wangu, mtu ambaye hajawahi kumsifu hata mpishi wa harusi, akasema, "Ametoka kwenye majani uliyoyakusanya wewe. Ikithibitika, nitampa jina lako."

Mnisikilize vizuri hapo. Alisema huenda, tena si mara moja. Alisema ikithibitika, nayo si mara moja. Aliyaweka maneno hayo mezani mbele yangu mimi shahidi. Mama yakampita yote.

Lazima mjue kuhusu jina la mama. Alipokuwa mdogo aliitwa binti wa fulani. Alipoolewa akawa mke wa fulani. Alipojifungua kifungua mimba akawa mama wa fulani, na tangu hapo hata baba yangu alimwita hivyo. Sisi tulipopata watoto, wawili, wote walichukua majina ya upande wa Chekeche, maana mama yake alikuwa mwepesi wa kufika hospitali. Mama yangu alifika akakuta jina limeshaandikwa. Hakulalamika. Alimpakata mtoto, akasema jina ni zuri, na tangu siku hiyo hajawahi kulitamka. Watoto wote wawili anawaita "bibi" na "bwana mdogo" mpaka leo, na mvulana ameota ndevu, na binti naye ana nyumba yake. Sasa asubuhi iliyofuata baada ya chakula kile nilimkuta amekaa kwenye kizingiti cha jiko, amenipa mgongo, analitaja jina lake mwenyewe kwa sauti ya chini. Analitaja, ananyamaza, analitaja tena kwa namna nyingine. Nilirudi ndani kwa kunyata.

Ufagio ukapumzika. Chini ya mparachichi mama alipanga mawe kuzunguka majani, asije mtu akayakanyaga. Kuku wa jirani aliwafukuza mpaka wakahama njia. Siku za jua alinyunyiza maji juu ya rundo ili ukungu usikauke, na mtu akimpitia kumsalimu, baada ya habari za afya alikuwa na habari za ukungu. Aliambiwa kwamba jina lake litaongezewa mkia wa Kilatini mwishoni. Akauliza kama mkia ni lazima. Akaambiwa ni lazima. Akasema basi uwe mfupi.

Na alitangaza. Alimwambia muuza nyama. Aliwaambia watu wote kwenye foleni ya kupima presha, na wengine presha ikapanda kwa wivu. Alimwambia rafiki yake mkubwa, fundi cherehani wa barabara ya pili. Kila aliyesikia alitia chumvi yake, hata habari ilipofika saluni kwangu ilikuwa kwamba makumbusho wanamchongea mama sanamu. Mimi na mdomo wangu wa biashara, nikasema ndiyo, itakaa karibu na lango.

Miezi ikapita, jina halijatoka. Mama akauliza mezani.

"Nahitaji dume," Chekeche akasema. "Niliyempata ni jike."

"Kwani jike hatoshi?" Mama aliuliza kwa niaba ya majike wote.

"Hatoshi, mama. Majike wanafanana. Kipapasio peke yake hakitoshi kumpa mtu uhakika. Kinachotofautisha aina moja na nyingine ni sehemu za siri za dume. Nampasua tumbo kwa sindano, nazitoa, nazitazama kwenye hadubini. Kila aina ina umbo lake, hakuna inayofanana na nyingine. Ziko zilizopinda, ziko zenye ncha mbili..."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Akasogeza mguu, akaendelea. Alionyesha kupinda kwenyewe kwa kidole. Mama alikuwa ameinua kijiko kikabaki hewani.

"Mkwe," akasema hatimaye, taratibu. "Huko kazini wanajua kwamba unafanya hivyo?"

"Wanajua, mama. Ndicho nilichoajiriwa kufanya."

"Haya." Mama akachukua sahani yake akaenda kumalizia jikoni.

Nilidhani nyumba imevunjika. Lakini kesho yake nilimkuta amepiga magoti kwenye majani, magoti yale yale mabovu, anaokota vidudu kwa ncha ya unyoya na kuvitia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Chekeche aliporudi, mama alimkabidhi chupa bila kumtazama usoni. "Angalia kama dume yumo," akasema, kisha akakimbilia ndani kwa haya.

Madume walikuwemo. Chekeche aliwapasua mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa wa aina ileile ya kawaida, pingili ya nane nyembamba, mambo mengine yote kama inavyojulikana, jina lake lilishaandikwa kabla hata mama hajazaliwa. Chupa ya pili, hivyohivyo. Ya tatu, hivyohivyo. Mume wangu akaanza kuacha chai nusu kikombe. Mama akimuuliza, alijibu, "Bado, mama," na ilikuwa kweli, lakini niliona anavyolimeza neno hilo kwa shida.

Mchana mmoja aliingia saluni na mfuko mkononi. Nilikuwa na mteja mmoja tu, yuko chini ya draya, hasikii la mwadhini. Chekeche akasukuma vitana vyangu pembeni, akatoa hadubini ndogo ya kazini, akatoa kijisanduku chenye yule jike.

"Ile dawa ya kuondolea gundi ya wigi," akasema. "Nipe kidogo."

"Ya nini?"

"Gundi ya kazini inayeyuka kwa maji. Hii yako nimeiloweka siku nzima, haiachii. Nataka nimtazame kwa chini."

Nikampa. Akadondosha tone kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, akainamia hadubini, akatulia. Nami nikaendelea kupanga rola. Nilipogeuka nilimwona amenyooka, miwani mkononi, anautazama ukuta.

"Tazama," akasema.

Nikainama. Mwanzo sikuona ila mwanga. Kisha nikamwona mdudu, anang'aa, mzuri kweli, kahawia kama chai nzito. Na pembeni yake, mbali kidogo, kipapasio kinaelea peke yake.

"Umemvunja," nikasema.

"Sijamvunja. Si chake. Cha kwake hicho hapo, amekikunja chini ya kichwa, ndivyo wanavyolala. Cha upande wa pili kilizama kwenye gundi. Hicho kinachoelea ni cha mdudu mwingine. Kilikuwa ndani ya kikombe kilekile, kikanasa kwenye gundi, nikamgandisha nacho."

"Cha mdudu gani?"

"Wa kwenye ukungu wa bafuni. Yuko kila nyumba."

Nilitafuta kiti nikakaa. Sanamu ya langoni, foleni ya presha, mawe chini ya mparachichi, vyote vilikuwa vimening'inia kwenye sharubu ya mdudu wa bafuni.

"Sasa?" nikauliza.

"Sasa namwambia mama."

"Humwambii."

"Namwambia leo."

"Nisikilize wewe mwanamume. Watu wangapi duniani wanaweza kumtazama huyu mdudu wakajua kwamba umekosea?"

Mtu mwingine angesema wengi, ili anishinde. Yeye alifikiri. "Wanne," akasema. "Mmoja mgonjwa."

"Basi watatu. Hao watatu wanamjua mama yangu?"

"Hawamjui."

"Watakuja hapa kumwuliza?"

"Hawawezi kuja."

"Basi unataka nini? Kibandike kipapasio chako, mpe jina, mwache mama afe na raha yake! Mwanamke hajapewa kitu chake maisha yake yote. Mjukuu hakupewa. Leo kapewa mdudu, mdudu mwenyewe haonekani, na huyo pia unataka kumnyang'anya!"

Nilikuwa nimepandisha sauti. Machozi yalikuwa yananitoka na rola mkononi. Chekeche alisimama pale, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane nilimwona anatamani kuwa mtu mwingine.

"Nikimpa jina lake mdudu ambaye hayupo," akasema, "nitakuwa nimempa nini?"

Mimi nikibanwa huwa napiga kelele. "Utaniulia mama!"

Mteja akainua kofia ya draya. "Nani amekufa?"

Nikamrudisha chini. Chekeche alikuwa ameshafunga mfuko wake, ametoka. Nilimaliza kichwa kile kwa kasi ambayo siwezi kuirudia, nikafunga mlango, nikakimbia nyumbani na eproni yangu mwilini.

Nilimkuta mama amekaa kwenye kizingiti cha jiko anachambua mboga, Chekeche amesimama mbele yake. Alikuwa ameshaanza. Hakumzungushia maneno wala hakuulizia magoti kwanza.

"Nilikosea, mama. Kipapasio hakikuwa chake. Mdudu si mpya, ana jina lake la zamani. Lako halitakuwepo."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama hakuinua kichwa. Alimaliza fungu alilokuwa nalo, akavunja mashina, akayatia bakulini, akachukua fungu lingine.

"Ulisema huenda," akasema.

"Nilisema, mama."

"Nilisikia. Nilifanya makusudi nisisikie." Akachambua tena kidogo. "Ungeweza kuninyamazia?"

"Ningeweza."

"Watu wangejua?"

"Wanne. Mmoja mgonjwa."

"Binti yangu alikwambia uninyamazie?"

Nikamkazia macho Chekeche. Nilimtazama kwa kila kiapo cha ndoa tulichowahi kuapa. Naye akanitazama kwa huruma kabisa, kisha akageuka kwa mama akasema, "Ndiyo, mama. Alilia pia."

"Nilijua," mama akasema. "Huyu tangu utoto. Alivunja chungu changu akaniambia kimelala." Kisha uso ukamkunjamana, akalia. Hakulia kwa sauti. Alilia akiendelea kuchambua, na machozi yakawa yanadondokea mbogani. Mimi nilikimbilia kumkumbatia na maneno yangu yote, kwamba atapatikana mdudu mwingine, kwamba sisi tunamjua thamani yake, na yeye akanipigapiga mkono kama mtu anayemnyamazisha mtoto wa jirani. Chekeche alikaa kizingitini upande wa pili, akachukua fungu la mboga, akaanza kuchambua. Alikuwa anatupa majani na kubakiza mashina. Mama alimtazama kwa muda, akamnyang'anya fungu.

"Inuka," akasema, akijifuta kwa upindo wa nguo. "Watu niliwaambia mimi. Sasa utawaambia wewe, nami nitakuwepo nikisikiliza."

Tulizunguka mtaa watu watatu. Naapa sijawahi kuona aibu iliyoenea hivyo. Chekeche hakujua kufupisha. Muuza nyama alielezwa gundi, alielezwa pingili ya nane, kisha akaelezwa habari ya madume na kupinda kwao, kisu kikiwa juu na mteja anasubiri maini. "Kwa hiyo sanamu haipo?" akauliza mwishoni. Chekeche akamwuliza sanamu gani. Mimi nikawa natazama nzi. Mama kila mahali alisimama wima, mikono imeshikana mbele, na Chekeche akimaliza alisema, "Mmesikia. Ndivyo ilivyo," akatangulia kutoka.

Mwisho ilikuwa kwa fundi cherehani. Tulipoingia, kabla Chekeche hajafungua mdomo, fundi aliinuka amefurahi akavuta kitu kwenye kamba. "Afadhali umekuja! Lijaribu kabla sijalipiga pasi."

Lilikuwa gauni. Hapo ndipo nilipojua kwamba mama alikuwa ameagiza gauni la siku ya jina, na hakumwambia mtu. Lilikuwa la rangi ya chungwa, chungwa lenyewe lililoiva. Tangu baba afariki nilikuwa sijamwona mama na kitu ila kahawia na kijivu, na hata baba alipokuwa hai sikumbuki chungwa. Mama alilitazama lile gauni likining'inia mkononi mwa rafiki yake, na nikaona anavyolionea haya, kama limemkamata anaota.

"Mwambie," akamwambia Chekeche.

Akamwambia. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akawaka. "Wewe ungepungukiwa nini ukinyamaza? Mama wa watu kafurahi mara moja katika maisha yake, wewe unakuja na pingili! Huna hata chembe ya utu?" Nami kimoyomoyo nikawa namwitikia, sema fundi, sema.

"Mwache," mama akasema.

"Nimwache vipi? Huyu..."

"Nimekwambia mwache. Mimi nimeishi na watu wa maneno matamu maisha yangu yote. Marehemu mume wangu alikuwa mtamu wa maneno, Mungu amrehemu, na nusu ya maneno yake sijui yalikwenda wapi. Binti yangu huyu, ndiyo biashara yake. Na wewe rafiki yangu kila nguo unaniambia nimetoka kama malkia. Nawapenda wote. Ila nikisifiwa sijui nimesifiwa au nimeonewa huruma. Angalau sasa nyumbani kuna mtu mmoja wa kumwuliza."

Akalichukua gauni, akaingia nalo nyuma ya pazia. Tukasikia anahangaika na mikono. Fundi alikuwa ameuma pini midomoni, hawezi kusema kitu. Pazia likafunguka, mama akatoka, akasimama katikati ya vipande vya vitambaa.

"Haya, mkwe," akasema. "Sema."

Nilimkonyeza Chekeche mpaka jicho likauma. Hakuniona. Aliweka mfuko chini, akavaa miwani, akamzunguka mama polepole kama anavyofanya kwa wadudu wake. Alimtazama kwa upande. Akainama akatazama mshono wa chini. Akarudi mbele.

"Kwapani limebana," akasema. "Pindo la nyuma limepanda juu." Fundi akatoa sauti kupitia kwenye pini. "Lakini rangi imekupendeza." Akatazama tena, kuhakikisha. "Imekupendeza sana, mama."

Neno sana, kwa mume wangu, nilikuwa sijawahi kulisikia kwa kitu chochote, si chakula, si watoto wake, na mimi sijitaji. Mama midomo ilimcheza kidogo. Fundi alipotema pini na kumsogelea apunguze kwapa na kushusha pindo, mama alimwondoa mkono, akasema yatarekebishwa siku nyingine. Akakunja ile nguo yake ya kijivu, akanipa niibebe, akatoka nje jinsi alivyo, nyuma limepanda, mbele limemkaa, akashika barabara kuu mchana kweupe. Chekeche akaokota mfuko akamfuata. Nami nyuma yao, na eproni yangu, nalia na kucheka kwa pamoja.

Kwa muuza nyama watu walisimama. "Mama, imepatikana sherehe nyingine?" mmoja akauliza.

"Hakuna sherehe," mama akasema, bila kupunguza mwendo. "Ila rangi imenipendeza."